Upake Nini Lori la Mtoto? Vidokezo kwa Fundi wa Nyumbani Gilgil

Mtoto anayekulia Gilgil huyajua malori kabla ya kujua kusoma. Barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru inapita pale pale mjini, kituo cha mizani kiko kando yake, na matrela yanayoelekea Uganda, Rwanda na Kongo hayakatiki mchana wala usiku. Ndiyo maana kitu anachomwomba baba, guka au fundi wa jirani ni lori la mbao: kichwa, trela, magurudumu na kamba ya kuvutia. Kulitengeneza ni kazi ya Jumamosi moja. Taabu huanza jioni, lori likishasimama mezani na mtu akaenda stoo kutafuta kopo lolote lililobaki. Kabla hujalifungua hilo kopo, soma haya.

1. Chukulia kwamba litatafunwa

Mtoto wa miezi minane haendeshi lori, hulitafuna. Wa miaka mitatu hulivuta kwenye matope, akalipigisha ukutani, na akishikwa na usingizi hulitia mdomoni naye vile vile. Kwa hiyo ukifika hadiwea, swali si kama kitu hicho kitang'aa. Uliza kilichomo ni nini, na kikishakauka kitabaki nini juu ya mbao. Muuzaji akishindwa kujibu na kopo nalo halisemi, mshukuru, urudi nyumbani na pesa zako.

2. Msasa kwanza

Anza na msasa namba 80 kuondoa alama za msumeno, uende 120, umalizie 220 au 240. Kisha pitisha kitambaa kilicholowa maji na uache mbao ikauke. Nyuzi zitasimama, zipige tena kwa msasa ule wa mwisho. Viringisha kila pembe, maana pembe kali ndiyo hubanduka rangi kwanza na ndiyo hutoa vibanzi.

Mbao iliyolainishwa hivi haidai kitu kingine chochote. Nalisema waziwazi kwa sababu wengi wetu tukiona kichezeo hakijapakwa tunadhani fundi aliishiwa na pesa. Lori la saiprasi lisilopakwa kitu litaingia weusi wa mikono, litachafuka, na litamtumikia mtoto mpaka alichoke. Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, mimi huacha mbao tupu.

3. Ijue mbao ilikotoka

Unaweza kununua mafuta safi kuliko yote Nakuru nzima, na bado ukampa mtoto sumu kwa sababu ya kipande cha mbao ulichookota. Vipande vya nguzo za stima na za ua viache kabisa. Nyingi hutiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki ili mchwa na uozo visizile. Ule ukijani wake hufifia kwa jua lakini dawa inabaki ndani. Msasa huigeuza kuwa vumbi, na hata kuzichoma jikoni ni makosa, kwa sababu aseniki hubaki kwenye majivu. Mbao zilizopakwa oili chafu ya magari dhidi ya mchwa, jambo la kawaida kwenye mapaa na mabanda yetu, nazo haziwezi kusafishwa zikafaa.

Paleti je? Tafuta mhuri uliochomwa ubavuni. Herufi HT maana yake mbao ilitibiwa kwa joto. Herufi MB maana yake ilifukizwa kwa gesi ya methili bromaidi, hiyo iache. Na hata yenye HT, hujui ilibeba nini njiani: kama ina doa la mafuta au harufu ya dawa, iwe kuni za mtu mwingine.

Milango na madirisha ya nyumba za zamani yanahitaji tahadhari kubwa zaidi. Gilgil ni mji wa reli, na bado kuna majengo ya enzi za ukoloni yenye mbao nzuri ajabu, nzito, zilizokauka miaka mingi. Tatizo ni tabaka za rangi zilizo juu yake, zilizopakwa wakati ambapo hakuna aliyeuliza kilichomo. Ukizipiga msasa unarusha vumbi la risasi nyumbani mwako mwote, na mtoto anayetambaa ndiye atakayelikusanya kwa viganja.

Halafu kuna miti yenyewe. Saiprasi na jakaranda hazina neno. Paini ni nzuri ila epuka vipande vyenye vifundo vinavyotoa utomvu. Mgrevilea huwasha ngozi za watu wengine, basi vaa mikono mirefu unapoukata. Ila usichonge kitu kutoka kwenye mti wa porini usioujua. Kwenye vichaka vya Bonde la Ufa humea ule mti ambao Wamaasai huuita olmorijoi, ambao tangu zamani umetumika kutengenezea sumu ya mishale. Mieforbia nayo, ile iliyofanya msitu mzima kando ya Ziwa Nakuru, ina maziwa yanayoweza kumpofusha mtu.

4. Rangi kali ndizo za kushuku

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vanishi hulaumiwa sana na rangi husamehewa, ilhali ilipaswa kuwa kinyume.

Madini ya risasi yaliwekwa kwenye rangi kwa sababu yanafanya kazi vizuri. Huifanya ikauke haraka, ifunike vizuri, na kromati ya risasi hutoa manjano, chungwa na nyekundu zinazong'aa bila kupauka; ukichanganya manjano hiyo na buluu unapata kijani. Yaani rangi zile zile ambazo mtoto angechagua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutoka kwenye chanzo kile kile. Madhara yake makubwa yako kwenye ubongo unaokua, na hayarudi nyuma.

Jambo hili si geni. Mwaka 1904 daktari wa macho Lockhart Gibson, kule Brisbane, Australia, aliandika kwamba watoto waliokuwa wakiugua walikuwa wakipata risasi kutoka kwenye rangi ya kuta na ya mbao za varanda: ilikuwa ikigeuka unga kwa jua, wao wakiishika na kulamba vidole. Marekani ilingoja hadi 1978 kuzuia rangi ya namna hiyo majumbani. Na bado mwaka 2007 kampuni ya Mattel ililazimika kurudisha vichezeo vilivyokwisha kuuzwa, vilivyotengenezwa China, kwa sababu ya risasi kwenye rangi.

Sisi Wakenya tunalo jina letu la kukumbuka risasi: Owino Uhuru, Mombasa. Huko haikuwa rangi, ilikuwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mtoto wa mwanaharakati Phyllis Omido mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokutwa na risasi mwilini. Omido alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Ukitaka kujua risasi humfanyia mtoto nini, habari za kijiji kile zinatosha.

Kiwango kinachokubaliwa Kenya leo ni sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni za rangi, sawa na kile Marekani ilichoweka mwaka 2009 kwa rangi, pamoja na ile ya vichezeo vya watoto. Kwa hiyo:

Rangi ya mafuta, ile ya kung'aa ya milango na mageti, ndiyo ya kuogopa zaidi, hasa manjano, nyekundu na kijani. Rangi ya maji ya ukutani kwa kawaida haina shida hiyo, ingawa haikutengenezwa kwa ajili ya kutafunwa.

Kopo la zamani lililobaki stoo tangu nyumba ipakwe, usilitumie hata kama limebaki nusu na linakuuma roho.

Rangi ya gereji usiiguse. Najua jamaa wa jua kali anayepaka vichwa vya matrela atakupulizia lori la mtoto bure, kwa mapenzi tu, na litatoka linametameta. Mkatalie kwa upole. Rangi za magari, za mitambo na za alama za barabarani hazikuundwa kwa ajili ya ulimi wa mtu.

5. Soma kopo, usisome tangazo

Maneno "haina sumu" kwenye kopo hayakuambii nani alipima wala alipima nini. Tafuta alama ya ubora ya KEBS na namba ya kibali iliyo chini yake. Unaweza kuituma kwa SMS kwenda 20023 kuhakikisha kwamba ni ya kweli. Kwenye makopo kutoka nje tafuta maandishi EN 71-3. Hicho ni kiwango cha Ulaya cha vichezeo, na kinapima metali zinazoweza kutoka kwenye rangi mtoto akiimeza. Kopo lenye maandishi hayo ni ghali na huenda ukalazimika kwenda Nakuru au Nairobi kulipata. Kwa lori moja haifai gharama. Kwa mtu anayetengeneza vichezeo vya kuuza, inafaa kila shilingi.

6. Nta ya nyuki na mafuta: chaguo langu

Tuna bahati ya kuwa jirani na Baringo, nchi ya asali. Mwenye mizinga au anayechuja asali hubaki na masega, na mara nyingi nta hiyo hupatikana kwa bei nafuu kuliko kopo la vanishi.

Ichemshe nta kwenye maji, ichuje kwa kitambaa, uiache ipoe. Nta itaelea na kuganda juu, taka na mabaki ya asali yatabaki chini. Rudia mpaka maji yatoke safi. Sababu si usafi peke yake: mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapaswi kupewa asali kabisa, kwa ajili ya vijidudu vya botulizimu.

Kisha pima: sehemu moja ya nta kwa sehemu tatu au nne za mafuta, kwa uzito. Weka kwenye bakuli la bati ndani ya sufuria ya maji ya moto; usiweke nta juu ya moto wenyewe, inawaka. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi. Gilgil, kwa kuwa iko mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 93 badala ya 100, lakini hizo zinatosha na kusaza. Koroga, mimina kwenye kopo safi, acha igande.

Kupaka ni kwa kitambaa: chukua kidogo, sugua mpaka mbao ipate joto la mkono wako, acha usiku kucha, kisha futa ziada na usugue ing'ae. Haitang'aa kama kioo. Itakuwa na mng'ao wa chini, itanukia vizuri, na maji yatateleza juu yake. Itaisha baada ya miezi kadhaa, hasa lori likilala nje, nawe utapaka tena kwa dakika kumi. Wako wanaouona huo kuwa udhaifu. Mimi naona ni afadhali kitu kinachoisha na kurudishwa kuliko kinachobanduka vipande vipande mdomoni mwa mtoto.

7. Si kila mafuta

Mafuta ya nazi yanafaa na yanaharibika polepole. Ila yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo Gilgil utayakuta yameganda asubuhi nyingi za mwaka. Yapashe moto kidogo. Mafuta ya kupikia, alizeti au mahindi, huanza vizuri kisha hunata na kunuka ukale. Ya karanga yaache, kwa sababu ya watoto ambao miili yao haivumilii karanga.

Duka la dawa huuza likwidi parafini, mafuta mepesi yasiyo na rangi wala harufu ambayo watu hunywa kulainisha tumbo. Hayo ni mazuri sana kwa vichezeo na hayaozi. Lakini ukimtuma mtoto dukani akaseme "parafini", atarudi na mafuta ya taa. Nenda mwenyewe, uende duka la dawa.

Mafuta ya kitani ni mafuta mazuri ya mbao yakiwa ghafi, na huchukua wiki nzima au zaidi kukauka. Yale ya hadiwea yanayoitwa "boiled" kwa kawaida yametiwa chumvi za metali za kuyakausha haraka, kama vile kobalti au manganizi. Hayo si ya kichezeo. Na yote mawili yana hatari nyingine: kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa pembeni hujipasha moto chenyewe na kinaweza kuwaka. Kitandaze nje kikauke, au kitie kwenye kopo la maji. Karakana yenye maranda sakafuni haihitaji zaidi ya kitambaa kimoja cha namna hiyo.

8. Shelaki, kwa wanaotaka kung'aa

Shelaki ni utomvu wa mdudu wa India na Thailand, na huenda umekwisha kuumeza: hupakwa kwenye vidonge na peremende ili ving'ae. Hununuliwa ikiwa magamba makavu, ikayeyushwa kwenye spiriti. Hukauka upesi, hukubali kupakwa tabaka nyembamba nyingi, na hufunika utomvu wa paini.

Shida iko kwenye spiriti. Ile ya zambarau ina methanoli, sumu ile ile iliyoua wanywaji wa pombe haramu Embu na kwingineko mwezi Mei 2014. Ikikauka inapotea yote hewani, lakini kabla ya hapo chupa ikae juu, ifungwe, na isiwe chupa ya soda. Na kama ni shelaki iliyokwisha kuchanganywa na kuwekwa kwenye kopo lisilo na maelezo, rudi kwenye kidokezo cha kwanza.

9. Kiwi ni ya viatu

Vinyago vya Wakamba vinavyouzwa kando ya barabara na kwenye maduka ya watalii mara nyingi husuguliwa kwa rangi ya viatu, nyeusi au kahawia, na matokeo ni mazuri. Kwa twiga wa kukaa juu ya kabati, sawa. Ndani ya hiyo Kiwi mna viyeyusho na rangi ambazo hazikukusudiwa kuliwa. Kwa hiyo, ukinunua kifaru cha mbao kama zawadi ya mtoto mchanga, kisugue kwanza kwa kitambaa cheupe chenye maji uone kitatoa nini.

10. Rangi za jikoni

Mtoto akililia rangi, jikoni zipo. Bitiruti hutoa waridi, manjano hutoa manjano, na rangi ya chakula inayotiwa kwenye keki hutoa zilizobaki. Paka kwenye mbao iliyopigwa msasa, iache ikauke kabisa, kisha funika kwa nta au shelaki. Zitapauka kwa jua. Hakuna ubaya, mtoto atafurahi kuipaka tena mwenyewe.

11. Mpe muda

Rangi au vanishi ikiacha kunata haijamaliza kukauka. Kopo likisema saa nne, limepimwa mahali penye joto, si Gilgil mwezi wa Julai, usiku baridi na asubuhi umande. Vanishi ya maji ipe wiki mbili hadi nne kabla lori halijafika mikononi mwa mtoto. Liweke kivulini penye upepo, mbali na vumbi la barabara. Likaribie pua: kama bado linanuka, bado.

12. Kitambaa cheupe na mate

Chukua kitambaa cheupe cha pamba, kiloweshe maji ya uvuguvugu, sugua lori kwa nguvu kwa dakika nzima. Kama kitambaa kimepata rangi, mate ya mtoto yataipata pia. Kisha kwaruza kwa ukucha mahali pasipoonekana. Ikitoka magamba, ondoa yote uanze upya. Jaribio hili halitakuambia kama kuna risasi. Litakuambia tu kama kilichopakwa kimeshika, na hilo peke yake limeokoa kazi nyingi.

13. Weka makopo mahali ambapo mtoto hafiki

Lori lililokauka vizuri halina hatari kama kopo lililoachwa wazi kando yake. Mafuta ya taa, tapentaini na thina hunywewa na watoto kwa sababu watu wazima huzitia kwenye chupa za soda na za maji. Mtoto akinywa mojawapo, usimtapishe na usimpe maziwa ya kulazimisha. Matapishi yenye mafuta ya taa yakiingia mapafuni ndiyo yanayoua. Mkimbize Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Gilgil au iliyo karibu nawe, na ubebe lile kopo au chupa ili daktari ajue anapambana na nini.